Mto Aliouchimba Deo

Asubuhi ile baba aliamka kabla yetu na kuchemsha chai mwenyewe, jambo ambalo majirani walizoea kumcheka kwalo. Alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa, kaskazini mwa mto Kagera, na sisi tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi, vyumba vya matofali vilivyopangwa mstari mmoja kuitazama miwa mpaka macho yachoke. Miwa ilikuwa imetoa maua. Ukungu ulipopanda kutoka mtoni, mashina yalipotea na yale maua meupe yakabaki yanaelea hewani peke yake. Mpaka leo nikiwaza amani, naona maua yale.

Nilikuwa na miaka kumi. Mdogo wangu Deo alikuwa na mitano, na alikuwa na maneno kutuzidi wote nyumbani.

"Baba, huu mto unakwenda wapi?"

"Ziwani."

"Ziwa gani?"

"Ziwa letu. Lile lile la kwa bibi yako, Chato."

"Kwa hiyo nikitupa kijiti hapa, bibi atakiokota?"

Baba alicheka, akasema labda, bibi akiwahi. Deo akaondoka kutafuta vijiti. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Mchana ule watu walizungumza habari za askari wa ng'ambo ya mpaka, walivyoanza kuingia vijiji vya juu, lakini walizungumza kwa sauti ya kawaida, kama watu wanavyosema mvua mwaka huu itachelewa. Jioni tulikula, tukalala.

Kesho yake mizinga ilianza tukiwa na vikombe vya uji mkononi.

Mama alinishika mkono. Baba alimbeba Deo mgongoni.

Tukaingia kwenye miwa.

Ndani ya miwa huoni mtu. Unasikia tu majani yanachanika na watu wanahema. Nyuma yangu nilimsikia baba akisema, "Tangulieni, nawaona." Hakupiga kelele. Alisema kama anavyosema mtu anayefunga mlango kabla ya safari.

Kisha kitu kikapasuka kati yetu na yeye.

Moshi ulinuka sukari iliyoungua.

Tulipotoka upande wa pili, tulikuwa wawili.

Darajani watu walikuwa wengi mno. Mama aligeuka arudi, lakini umati haukuwa na pa kumpitisha. Ulimbeba kama maji yanavyobeba gogo, ukamshusha ng'ambo ya kusini. Tulikaa kando ya barabara. Watu walipita na mbuzi, na magodoro, na mwanamke mmoja alipita amebeba saa ya ukutani peke yake. Mama alimtazama kila mwanamume usoni.

Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipomwona Deo. Alikuwa ameshikwa mkono na mama mmoja tusiyemjua.

"Nimemkuta amesimama katikati ya barabara, kule chini karibu na mafunjo," yule mama alisema. "Hataki kusema jina lake. Ni wako?"

Viganja vya Deo vilikuwa vimechanikachanika, kama mtu aliyeng'oa majani makali kwa mikono mitupu. Nguo yake ilikuwa imelowa na kukauka. Mama alipiga magoti mbele yake.

"Baba yuko wapi, Deo?"

Deo alimtazama midomo, kama anayesikiliza lugha ya kigeni. Mama aliteremka hadi kwenye mafunjo, akaita mpaka sauti ikamkauka, na mgambo wakaja kumtoa kwa nguvu kwa sababu mizinga ilikuwa inafika na huko. Usiku ule tulipata lori. Tangu siku ile Deo hakusema neno.

*

Safari ya kwenda Biharamulo, kisha Chato, naikumbuka kama kitu nilichosimuliwa nikiwa nimesinzia. Sisi tulishuka kusini, askari walipanda kaskazini. Walikuwa wamepandishwa kwenye mabasi ya abiria, majina ya miji bado yameandikwa ubavuni, na waliimba madirishani. Vijana wale walitupungia mkono. Mimi nilipunga. Mama hakupunga. Deo alificha uso kila gari lilipobadilisha gia.

Bibi, mama yake baba, alitupokea uani, mikono yake imejaa magamba ya samaki. Alituhesabu kwa macho.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko nyuma, mama," mama alisema. "Anakuja."

Maneno hayo yakawa ya nyumba nzima. Jirani akiuliza, tunasema yuko nyuma. Kila jioni bibi alipakua chakula cha baba kwenye sahani ya bati, akaifunika kwa sahani nyingine. Asubuhi sisi watoto tulikila kile chakula kikiwa baridi.

Deo alikojoa kitandani. Lori likipita aliingia uvunguni. Lakini jambo lililomshinda mama kabisa lilikuwa la shuka. Deo hakukubali kufunikwa. Hata upepo wa ziwa ukivuma na mwili wake ukiwa unatetemeka, ukimfunika alitupa shuka kwa miguu na kukaa wima, macho makavu, mpaka uliondoe. Baba mdogo wetu alisema apelekwe kwa mganga. Mwingine alisema achapwe kidogo, sauti itatoka. Mama alikataa yote mawili, ila yeye mwenyewe hakuwa na la tatu.

La tatu lilikuja kwa miguu. Asubuhi moja mwanamke mnene, mwenye kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, alisimama uani akaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kisha akampa bibi shikamoo kwa Kiswahili. Aliitwa Mama Kulwa. Alifundisha chekechea parokiani, na malezi ya watoto wadogo alikuwa amejifunzia Ngokolo, Shinyanga. Alikuwa amesikia kuna watoto waliotoka vitani.

"Nimepewa lile ghala la pamba lililo wazi," alimwambia mama. "Nakusanya watoto wanacheza."

"Huyu hachezi," mama alisema.

"Basi atakaa tu. Kukaa nako kunaruhusiwa."

Mimi nilitumwa kumpeleka Deo, na kwa kuwa hakutaka kuuachia mkono wangu, nilibaki naye.

Ghala lile ndilo mahali ninapopaota mara nyingi kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuishi. Msimu wa pamba ulikuwa umepita, lakini nyuzi nyepesi zilikuwa zimebaki kwenye mbao na kwenye nondo za madirisha. Mtu akitembea ziliamka. Jua liliingia kwa matundu ya bati, na ndani ya kila mshale wa jua pamba ilielea, haipandi, haishuki. Sakafuni kulikuwa na lundo la mchanga wa ziwani, beseni la udongo wa mfinyanzi, debe la maji, magunzi, visoda, matambara, sufuria zilizotoboka na mabua. Hapakuwa na kitu cha dukani.

Masharti ya Mama Kulwa yalikuwa machache. Usimuumize mwenzako, usijiumize, na tukimaliza tunaimba pamoja ndipo tunatoka. Mengine yote ruksa. Yeye alikaa chini kama sisi, miguu ameinyoosha. Hakumwambia mtoto acheze nini. Hakuuliza maswali ya huko tulikotoka.

Wavulana walitengeneza bunduki za mabua wakachoma vijiji vya mchanga. Msichana mmoja, Anastazia, alimfunga gunzi kitambaa, akamzika, akamfukua, akamzika tena. Mama Kulwa alimsogelea.

"Amezikwa tena," alisema, kwa sauti ya mtu anayeona.

"Ndiyo. Hataki kukaa."

"Hataki kukaa."

Basi. Nilisubiri aongeze neno, amkataze au amfariji. Hakuongeza. Anastazia alimtazama kidogo, kisha akaendelea, na mikono yake ilikuwa imetulia kuliko kabla.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hamwambii Anastazia kwamba gunzi ni gunzi tu. Alikuwa anaosha mikono. Alisema, "Koleta, jambo likiwa kubwa, mtoto hana maneno yake. Mikono anayo. Ukimnyang'anya mchezo, umemziba mdomo wa pili."

Deo alikaa siku nyingi ameegemea ukuta. Kila siku Mama Kulwa alimwekea kopo na udongo kidogo miguuni pake, akaondoka. Kila siku tuliondoka kopo likiwa halijaguswa. Halafu siku moja, bila kututazama, Deo alichukua kopo, akaenda kwenye mchanga, akachimba mfereji mrefu. Alimimina maji. Mchanga ukayanywa. Alimimina tena. Mama Kulwa aliinuka, akamletea debe karibu, akarudi kukaa.

Kesho yake aliuchimba ule ule. Siku iliyofuata alifinyanga mtu mkubwa na mtu mdogo, akambandika mdogo mgongoni kwa mkubwa, akawavusha polepole, maji yakiwafika shingoni. Ng'ambo alimlaza yule mkubwa. Akaenda nje akachuma majani, akarudi akamfunika, jani juu ya jani, mpaka asionekane. Yule mdogo alimtia mfukoni mwa kaptula. Kisha akabomoa kila kitu na kuanza upya.

Mimi niliona. Nadhani nilielewa pia, ila kuna kuelewa ambako mtoto wa miaka kumi hukuweka mbali, kama sufuria ya moto.

*

Siku moja bibi alikuja kutuchukua kabla ya muda. Alisimama mlangoni, na alifika wakati Deo analaza majani. Anastazia alikuwa kwenye kaburi lake. Wavulana walikuwa wanachoma.

Mama Kulwa aliinuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnawafundisha watoto kuzika?"

"Sijawafundisha, mama. Wamekuja nako."

"Mchezo wa vita huita vita. Mimi nina mtoto huko."

"Najua, mama. Lakini vita imeshaingia ndani ya hawa. Inatafuta pa kutokea."

Bibi alimwinua Deo kwa mkono mmoja, akapita akiukanyaga ule mto wa mchanga, akamtoa nje. Nyumbani alisema hatarudi kule, na mama, ambaye alikuwa anakula chakula cha mama mkwe wake, alinyamaza.

Deo akaacha kula. Alikaa jikoni akichora mstari kwenye jivu kwa kidole, na bibi aliufuta kwa ufagio, si kwa hasira, kwa woga. Alizidi kukonda. Usiku nilisikia mama akisali kwa maneno yaleyale mpaka yakawa sauti tu.

Kisha ndege ikaja.

Ilikuwa mchana, anga jeupe. Sauti ilitoka ziwani.

Watu waliacha dagaa majabalini wakakimbia.

Mama alinisukuma chini ya meza. Akamwita Deo.

Deo hakuwepo uvunguni. Hakuwepo jikoni. Hakuwepo uani.

Ndege ilipita juu sana, ikaenda zake. Sijui hata ilikuwa ya nani.

Mama alitoka mbio bila viatu, mimi nyuma yake. Sikumwambia tunakokwenda, miguu yetu wote wawili ilijua. Ndani ya ghala, Deo alikuwa amepiga magoti mchangani anachimba. Mama Kulwa alikuwa amekaa kando yake, kitambaa kimemdondoka mabegani. Mama alitaka kumnyakua.

"Kaa, Mama Koleta," Mama Kulwa alisema taratibu. "Usimwulize kitu. Kaa tu."

Mama akakaa.

Deo aliwavusha watu wake. Alimlaza mkubwa. Alianza majani. Mama alitazama.

"Huyu mdogo," Mama Kulwa alisema, "sasa anafanya nini?"

Kwa muda kulikuwa na pamba tu, inaelea.

"Anamfunika," Deo alisema.

Sauti yake ilikuwa inakwaruza, ndogo, kama kitu kilichokaa muda mrefu kwenye sanduku. Mama aliziba mdomo kwa kanga.

"Anamfunika," Mama Kulwa alirudia.

"Ana baridi. Alitoka damu hapa." Aligusa ubavu wake mwenyewe. "Akasema kaa hapa. Akalala. Nikamwita. Nikamfunika. Nikaenda kutafuta mtu."

Mama aliondoa kanga mdomoni. Nilitegemea kilio, kile cha wanawake wa kwetu ambacho husikika mpaka ziwani. Hakikuja. Alijongea kwa magoti mpaka ukingo wa mto, akaokota jani, akaliweka juu ya yale mengine, akalinyoosha pembe.

"Umemfunika vizuri," alisema. "Baridi haimfiki."

"Hakuja mtu," Deo alisema.

"Tumekuja sasa, mwanangu. Tumekuja mimi na dada yako."

Deo aliingiza mkono mfukoni, akamtoa yule mdogo, akamweka kwenye kiganja cha mama. Ndipo akalia. Alilia mpaka akalala palepale, na mama alimfunika kwa kanga yake, na Deo hakuitupa.

*

Jioni mama alimweleza bibi. Bibi alisikiliza, kisha akaenda akapakua chakula kwenye sahani ya bati kama kawaida.

"Mtoto wa miaka mitano si shahidi," alisema.

Hatukubishana naye. Ila kesho yake hakumzuia Deo kwenda ghalani. Kwa miezi yote ya vita iliyobaki, nyumba yetu ilikuwa na mjane mmoja na mama mmoja anayesubiri, kwa ajili ya mtu yuleyule, wakipika jiko moja.

Vita ilipoisha mama na baba mdogo walisafiri mpaka mtoni. Daraja lilikuwa limevunjwa. Vijiji vya ng'ambo vilikuwa kuta tupu. Upande wa kusini, karibu na mafunjo, waliuliza nyumba hadi nyumba, na mzee mmoja mvuvi akawapeleka kwenye tuta moja lililokuwa limewekewa jiwe kichwani.

"Wengine tuliwaweka pamoja, mtusamehe, ilikuwa haraka," aliwaambia. "Huyu tulimkuta amefunikwa mafunjo mwili mzima, yamepangwa. Tukasema huyu ana mtu wake. Tukamzika peke yake, ili akija amuone."

Mama alirudi na udongo wa pale kwenye kopo. Bibi aliupokea kwa mikono miwili. Alikaa chini, na jioni ile, kwa mara ya kwanza, hakupakua. Tulifanya msiba wetu, majirani wakaja, na Mama Kulwa alikaa na wanawake jikoni akisonga ugali.

Deo aliendelea na ule mto kwa muda. Halafu mto ukawa mfupi. Halafu siku moja alifinyanga basi, na abiria wake walikuwa visoda, wakagombania kiti cha mbele. Mama Kulwa alitazama basi likipita mbele ya miguu yake, akavuta miguu kulipisha.

Sitaki kusema kila mtoto wa ghala lile alipona. Anastazia alikuja kuchukuliwa na ndugu zake wa Nyahanga, Kahama, na siku anaondoka bado alikuwa na gunzi lake kwapani. Sijui aliishia wapi. Wavulana wawili walikua wakiwa na mkono mwepesi wa kupiga. Na mama hakucheka tena kwa sauti, ingawa aliishi mpaka akabeba wajukuu. Ghala lenyewe msimu uliofuata lilijazwa pamba, kama lilivyojengewa, na Mama Kulwa akahamishia watoto kwenye baraza la parokia.

Leo nasikia kuna wataalamu waliosomea kuwasikiliza watoto kwa michezo, na nafurahi. Wakati ule hatukuwa na jina la kazi ile. Tulisema tu Deo amekwenda kwa Mama Kulwa.

Deo ni mtu mzima sasa. Anatengeneza pampu za kuvuta maji kwenye mashimo ya wachimba dhahabu huko Geita. Ni mtu wa maneno mengi, vijana wa mgodini humwita Redio. Mwaka jana nilimtembelea, tukakaa nje ya kibanda chake akisafisha mikono kwa mafuta ya taa, nikamuuliza anakumbuka nini cha siku ile ya mtoni.

Alifikiri sana. Akasema hakumbuki siku yenyewe. Hakumbuki miwa, wala maji, wala mafunjo. Anakumbuka mchanga wa ghalani na ubaridi wa udongo mkononi, na pamba kwenye jua.

"Sura ya baba?"

Alitikisa kichwa. Halafu akaniuliza yeye, bila uchungu, kama anayeuliza njia:

"Dada, alikuwa anaongea vipi? Sauti yake."

Nilifungua mdomo nimwambie. Maneno ya baba ninayo yote, naweza kuyarudia moja moja. Lakini niliitafuta sauti yenyewe, nzito au nyembamba, ya koo au ya kifua, na sikuikuta. Sijui ilinitoka mwaka gani. Nilimwambia ukweli, kwamba hata mimi sinayo tena.

Deo aliitika kwa kichwa. Alimalizia kidole cha mwisho, akakunja kitambaa, akaniuliza kama nimekula.